Kila Kisunzi Mnakiita Presha

Barua za wiki hii karibu zote zimeanza na neno moja: presha. Nimechagua chache.

Mama ana miaka 71. Akiinuka kwenye sijda, nyumba yote yamzunguka, kisha yatulia. Tumpunguzie dawa za presha? (Kisauni)

Msiziguse. Waandika "kisha yatulia" bila kusema baada ya muda gani, na nimeshachoka kuuliza. Ikiwa ni chini ya dakika moja, na humshika pia akigeuka kitandani au akitazama juu kuanua nguo, yaelekea ni vijiwe vya sikio la ndani vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mifereji. Kwa wazee hakuna kisunzi cha sikio kilicho kingi kuliko hiki, na mara nyingi hakitaki kidonge. Daktari humlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu wa daktari John Epley, dakika chache tu. Kikirudi, hugeuzwa tena. Presha nayo apimwe akiwa amelala, kisha amesimama. Kwa sasa aswali kwenye kiti.

Baba, miaka 78, ana ugonjwa wa Ménière tangu zamani. Siku hizi hazungukwi tena, lakini sikio la kushoto limekufa na hutembea kama mlevi. Amepona au amezidiwa? (Majengo)

Vyote viwili. Ugonjwa huu wa sikio la ndani, aliouelezea daktari Prosper Ménière mjini Paris mwaka 1861, huanza kwa vishindo: kizunguzungu cha dakika 20 hadi saa 12, kutapika, sikio kuziba na kuvuma. Mwanzoni usikivu hushuka ukarudi. Miaka ikienda, kwa wengi vishindo hupungua, ila usikivu haurudi tena. Hapo ndipo jamaa husema alhamdulillahi, mzee akaachwa.

Mwili hujishika kwa mafiga matatu: sikio, macho na nyayo. Baba figa moja limevunjika. Akiwa na mtoto wa jicho, na sukari imemtia ganzi miguuni, atasimamia nini usiku akienda chooni? Wekeni taa, ondoeni vizulia vinavyoteleza, na zile ngazi zetu za kiza zitieni mbao ya kushikia. Kisha atembee kila siku na mtu ubavuni. Ubongo hujifunza upya kwa mwendo, nanyi mwamkalisha barazani mkidhani mwamtunza! Sikio la kulia lipimwe pia, maana kwa baadhi ugonjwa huvuka. Na akianguka ghafla kama aliyesukumwa, bila kuzimia, msitafute jini. Ménière hufanya hivyo, na moyo pia huangusha, kwa hiyo aonwe na daktari.

Bibi amekunywa vidonge vya kizunguzungu vya dukani mwaka mzima. Tuongeze? (Likoni)

Mwaka mzima! Proklorperazini na sinarizini ni za siku chache za kutapika. Zikikaa, huuzuia ubongo kuzoea, na kwa mzee huweza kuleta mikono ya kutetemeka na mwendo wa kukokota. Kisha mtarudi duka lile lile kutaka dawa ya kutetemeka. Mpelekeni kwa daktari na pakiti mkononi.

Mwenye Ménière aache papa na ng'onda? (Mji wa Kale)

Madaktari wengi humshauri apunguze chumvi, na papa ni chumvi yenye samaki ndani.

Mafuta ya kitunguu thomu sikioni? (Changamwe)

La.

Mjomba kazungukwa ghafla, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Tusubiri apoe? (Bamburi)

Kiharusi hakiandikiwi barua. Hospitali, saa hiyo hiyo. Yako imenifikia baada ya siku nne.