Kifua kinanibana nikishamaliza kukimbia

SWALI: Dada Nesi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Bombo, nina miaka 34, sivuti sigara. Tangu Januari nakimbia na wenzangu kila Jumamosi alfajiri, kilomita sita hivi kwenye barabara ya vumbi. Mbioni naenda nao vizuri tu. Shida inakuja tukishasimama: dakika tano baadaye kifua kinakaza, nakohoa kikohozi kikavu, na ndani nasikia mluzi. Nusu saa ndipo natulia. Wenzangu wanacheka, eti sijazoea. Mama anasema ni baridi, nivae sweta ninywe tangawizi. Kliniki moja imenipa antibiotiki mara tatu sasa. Juzi nilivuta inhela ya mtoto wa dada yangu, nikapata nafuu. Je, niache kukimbia? – Mwalimu, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kukimbia usiache.

Zile dakika tano ndizo zilizonifanya nisome barua yako mara mbili. Asiyezoea mazoezi hutweta akiwa mbioni. Akisimama, dakika mbili tatu ameshaanza kupiga soga. Wewe unabanwa baada ya kusimama. Hapo nashuku njia za hewa zinazokaza kwa sababu ya mazoezi, na hilo humpata hata mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana pumu. Ukienda kasi unavuta hewa nyingi kwa mdomo, pua haipati nafasi ya kuilowesha wala kuichuja. Utando wa ndani unakauka, misuli inayozunguka vijibomba vya mapafu inajikaza, hewa inajipenyeza humo ikipiga mluzi. Vumbi lenu, na moshi wa takataka zinazochomwa alfajiri, vinachochea. Mama hajakosea kabisa, hewa ya baridi na kavu huchokoza. Ila sweta haifiki kwenye mapafu. Afadhali leso puani na mdomoni.

Naijua hali hii mwilini mwangu. Nikiwa nesi mpya nilipanda kilima cha Muyenga mbio na wenzangu. Kule juu nikasimamisha bodaboda, nikashindwa kumtajia ninakokwenda. Neno moja, pumzi, neno jingine. Akanipa maji yake akidhani nina kiu.

Nenda hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye kliniki ya mapafu. Ukitoka Bombo huna haja ya kufika mjini, shukia Wandegeya. Omba upimwe kwa kupuliza kwenye mashine ukiwa umetulia, kisha upimwe tena baada ya kukimbia. Pumzi unayotoa katika sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, jibu limepatikana. Ukipimwa umekaa tu, majibu yanaweza kuwa safi kabisa, ukarudi nyumbani na antibiotiki ya nne. Damu nayo waipime. Upungufu wake humfanya mtu ahangaike na pumzi.

Inhela ya mtoto irudishe leo. Akibanwa usiku nayo iko kwenye mkoba wako, itakuwaje? Lakini nafuu uliyoipata mweleze daktari. Akikuandikia yako, kwa kawaida huvutwa dakika 15 hivi kabla ya mbio. Ukijikuta unaihitaji kila siku, mrudie, kuna dawa nyingine ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa.

Kwa sasa punguza kasi, na uanze kwa kutembea haraka ukichanganya na vimbio vifupi, dakika 10 hadi 15. Wanaokucheka watangulie. Ila ukisikia maumivu ya kifua, ukitaka kuzimia, midomo ikibadilika rangi au ukishindwa kumaliza sentensi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jambo moja hukuliandika: mluzi unalia ukivuta pumzi au ukiitoa? Mluzi ukilia unapovuta, na panapobana ni kooni, huenda ni nyuzi za sauti zinazojifunga, na hizo inhela haizifanyii kitu. Usikilize vizuri, daktari atakuuliza.