Kuchora protini kwenye kioo kwa urujuanimno: angalia tone la maji kabla ya kulaumu taa

Ukitaka seli zishike kwenye vidoa au mistari uliyoipanga wewe, njia nafuu isiyohitaji leza ni kufunika kioo kwa PEG, polima inayozuia protini kushika, kisha kuiunguza kupitia maski ya kromi, yaani kiolezo chenye mchoro wa chuma kinachozuia mwanga, kwa urujuanimno wa mawimbi mafupi. Palipopigwa na mwanga, minyororo ya PEG hukatika na kuacha vikundi vya kaboksili, na protini hushika hapo. Palipokingwa na kromi hubaki patupu.

Taa iwe ya zebaki ya shinikizo la chini, inayotoa mawimbi ya nanomita 185 pamoja na 254. Taa ya nanomita 365 haifai kabisa kwa kazi hii. Maski nayo lazima iwe ya kwatzi, yaani silika safi; ya kioo cha kawaida ni rahisi kununua lakini humeza karibu mwanga wote unaouhitaji. Taa hii hutengeneza ozoni na huumiza macho, kwa hiyo ikae ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye feni ya kutolea hewa nje.

Osha vioo vyembamba vya hadubini kwa ethanoli, vikaushe kwa nitrojeni, kisha vipitishe kwenye plazma ya oksijeni, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme, dakika 5. Plazma huvipa chaji hasi, nayo poli-lisini inayobeba PEG ina chaji chanya, ndiyo maana hunata bila gundi yoyote. Tayarisha hiyo poli-lisini yenye PEG (PLL-g-PEG) ya miligramu 0.1 kwa mililita ndani ya HEPES, kimiminika cha kutuliza pH, ya milimola 10, pH 7.4. Weka mikrolita 100 juu ya Parafilm (utando wa nta usiolowa), laza kioo cha milimita 20 juu ya tone, subiri saa moja. Ukikiinua wima polepole, maji yateremke yenyewe na kuuacha uso mkavu. Suuza kwa maji safi, na weka alama upande wenye PEG. Kugeuza kioo bila kujua ni kosa la kawaida mno.

Sasa maji kati ya maski na kioo. Safisha maski kwa asetoni na isopropanoli, angaza upande wa kromi dakika 5 ili maji yatandae, kisha weka tone, laza kioo, PEG ikitazama kromi, na bonyeza taratibu mpaka viputo vitoke. Tone la mikrolita 3 chini ya kioo cha milimita 20 hutandaa kuwa utando wa takriban mikromita 10. Ukingo wa mchoro hufifia kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha urefu wa wimbi ukizidishwa kwa pengo hilo: hapa ni kama mikromita 1.4. Ukiweka mikrolita 10, pengo hufika mikromita 32 na ufifiaji hupita mikromita 2. Mistari ya mikromita 2 itaungana, hata taa iwe mpya. Kwa hiyo punguza tone kabla ya kugusa muda wa mwanga. Tumia maji matupu, si PBS (maji ya chumvi ya maabara), kwa sababu kloridi humeza nanomita 185. Na mchoro ukiwa mkali upande mmoja, hafifu upande wa pili, tafuta chembe ya vumbi iliyoinua kioo.

Angaza kupitia mgongo wa maski, taa ikiwa sentimita chache tu, maana hewa yenyewe humeza nanomita 185. Jaribu dakika 2, 3, 5 na 8. Ukizidisha, mwanga unaopenya chini ya kingo za kromi hunenepesha mistari. Kukitoa kioo, mimina maji mpaka kielee chenyewe. Kukiburuta hukwaruza PEG na kromi pamoja, na maski ni ghali.

Fibronektini, protini ambayo seli hushika, iyeyuke bila kutikiswa, la sivyo hujikusanya nyuzinyuzi. Tumia mikrogramu 20 kwa mililita ndani ya bikaboneti ya sodiamu ya milimola 100, pH 8.5, ukichanganya fibrinojeni (protini nyingine) kidogo yenye rangi ya fluoresenti ili uone mchoro. Acha saa moja, suuza kwa PBS mara tatu, na usiruhusu uso ukauke.

Kila mara tengeneza vioo viwili vya kulinganisha: kimoja chenye PEG kisichoangazwa, kingine kilichoangazwa chote bila maski. Vyote vipate protini ileile. Cha kwanza kikiwaka chini ya hadubini, tatizo ni PEG: kioo kichafu, plazma dhaifu, au mchanganyiko uliokaa sana. Cha pili kikiwa cheusi, tatizo ni taa au protini. Vyote vikiwa sawa na mchoro bado ni hafifu, rudi kwenye tone na vumbi.