"Halcyon": si "tulivu" tu, kuna ndege ndani yake

Ndugu uliyekutana na "halcyon days" kwenye barua ya Kiingereza ukauliza maana yake, usiridhike na "siku tulivu" ya kwenye kamusi. Mimi ni mfasiri, na hapo hapo ndipo nilipokosea. Nilipewa wasifu wa marehemu niutafsiri usomwe kwenye hitima. Mwanawe aliye ughaibuni alikuwa ametaja "halcyon days" za wazazi wake Tanga, nami nikaandika "siku tulivu". Mjane aliposomewa akanishika mkono: "Mwanangu, utulivu gani na watoto saba ndani? Zile zilikuwa siku za neema." Nikafuta, nikaandika maneno yake.

Asili yake ni Kigiriki, alkyon, yaani ndege mdiria. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Alcyone, binti wa Aeolus mtawala wa pepo, alifiwa na mumewe Ceyx baharini, akajitosa. Miungu ikawageuza wote wawili ndege. Kila kipupwe, Alcyone akiatamia mayai, baba yake huzifunga pepo na bahari ikalala shwari. Aristotle alizitaja siku hizo: 7 kabla ya siku fupi kuliko zote za mwaka, na 7 baada yake. Kumbe ni shwari iliyobanwa katikati ya dhoruba, na ina mwisho. Ndiyo maana Waingereza hulitumia zaidi kwa raha iliyokwisha kupita. Hiyo herufi h ilipachikwa baadaye, watu walipodhani neno limetokana na hals, bahari.

Mdiria halisi hatagi baharini. Hutaga kwenye tundu, la mti au la ukingo wa mto. Wataalamu wa ndege wamelibakiza jina: mdiria wa mikoko yetu ni Halcyon senegaloides. Nimemtazama sana kwetu, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, ametulia juu ya tawi la mkoko, mara pu! kashuka, karudi na kaa mdomoni.

Mtu wa pwani atalielewa upesi kwa maleleji, kipindi cha katikati ambapo upepo wa kusi umekwisha na wa kaskazi haujashika. Lakini usitafsiri "siku za maleleji", maana kwetu ni majira ya pepo zisizoeleweka. Kama barua yako inakumbuka ya zamani, andika "enzi za neema". Kama inasema bahari yenyewe, "shwari" inatosha.