Eleza kazi ya kampuni, usitaje sekta tu

Ndugu, unasema kwenye mtambo wa kutafuta kampuni uliandika "kampuni za teknolojia ya usafirishaji" ukaletewa mamia ya majina, mengi ya teksi na vifurushi, ilhali unatafuta wanaolinda ubaridi wa dawa zikiwa safarini. Mtambo haujakosea, umekupa ulichoomba.

Utafutaji wa aina hii hulinganisha maana ya sentensi yako na maelezo ya kampuni. Kwa hiyo andika kama kampuni yenyewe ingejieleza: inatengeneza nini, inamuuzia nani, inamtatulia shida gani. Jaribu hivi: "Inatengeneza vifaa vya kupima joto ndani ya malori ya dawa na kuwatumia wasambazaji tahadhari joto likipanda." Sentensi moja tu, lakini teksi zote zimeshapotea.

Maneno kama "bora" au "bunifu" yafute. Kila kampuni hujiita hivyo, hayachuji chochote.

Halafu kuna mtego wa kuandika "isiyohusika na chakula". Mara nyingi neno chakula lenyewe ndilo linalovuta kampuni za chakula (mimi lilinipotezea mchana mzima). Taja unachokitaka, usichokitaka kiondoe kwa kichujio kama kipo, au kwa mkono. Nchi, idadi ya wafanyakazi na mwaka wa kuanzishwa navyo viweke kwenye vichujio.

Ukipata hata kampuni moja inayofaa, fungua tovuti yake usome inavyojieleza. Huenda wao husema "mnyororo baridi" (yaani kutunza ubaridi wa bidhaa safari nzima), neno ambalo hukulitumia kabisa. Lichukue, utafute upya.