Barua kwa mwanangu: kitunguu kwanza, nyanya baadaye

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza supu ya nyanya itiwe sukari kiasi gani ili uchachu upungue. Sukari tutaifikia, lakini kwanza niambie: kitunguu chako kilikuwa kimeiva ulipomimina nyanya? Umeandika kwamba ulitia vyote sufuriani kwa pamoja, ukafunika na kuchemsha nusu saa, na bado vipande vya kitunguu vikawa vinalia menoni. Mimi naona supu iliharibikia hapo, kabla ya habari ya sukari.

Kitunguu kwanza. Umenisikia nikilisema hili tangu hujafikia urefu wa meza, na leo nalisema tena. Nyanya ina asidi, na asidi huikaza pektini, ile gundi inayoishikanisha mboga. Kitunguu kikikutana na nyanya kikiwa bado kigumu, kitachelewa mno kulainika. Karoti vivyo hivyo, kiazi vivyo hivyo. Na kitunguu kisichoiva hakitoi utamu wake, kwa hiyo nyanya inabaki peke yake na uchachu wake, nawe unakimbilia kopo la sukari.

Kwa watu wanne chukua nyanya kilo 1, zilizoiva hadi zikabonyea kidogo kidoleni. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kama gramu 200. Karoti ndogo moja, punje 3 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 3 vya chakula, rojo nzito ya nyanya ya kopo kijiko 1 cha chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, na maji mililita 400. Hayo maji usiyatie yote kwa mkupuo, maana kuna nyanya zenye maji mengi na kuna kavu.

Pasha mafuta kwa moto mdogo. Tia kitunguu ulichokikata vyembamba, karoti iliyokunwa, na chumvi kidogo kutoka kwenye kile kijiko. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, na maji hayo hukizuia kisiungue. Funika dakika 5, kisha funua uwe unakoroga kwa dakika 8 hadi 10 nyingine. Usitafute rangi ya kahawia, tafuta ulaini. Kandamiza kipande kwa mwiko ubavuni mwa sufuria: kikipondeka, kimeiva. Kisipopondeka, nyanya zisubiri, hata kama wageni wameshakaa.

Ndipo utie kitunguu saumu kilichopondwa, kwa dakika 1 tu, kwa sababu kikiungua huwa kichungu na uchungu ule hautoki tena. Kisha rojo ya kopo, uikaange dakika 2 mpaka rangi ikolee na mafuta yaanze kujitenga. Halafu nyanya zilizokatwa, pamoja na mbegu zake na ule utelezi unaozizunguka. Nimeona watu wakiukamua na kuutupa, na inaniuma kila ninapoona, maana sehemu kubwa ya ladha ya nyanya imo humo humo. Acha zichemke bila kifuniko dakika 10 zitoe maji yake, ongeza nusu ya maji uliyopima, kisha dakika 15 nyingine moto mdogo. Maji yaliyobaki ni ya kurekebisha uzito mwishoni.

Usipikie kwenye sufuria ya alumini. Asidi huila alumini, na supu huchukua ladha ya chuma ambayo utaidhania ni uchachu.

Nyanya mbichi zikiwa hazina ladha, tumia za kopo, gramu 800, wala usione haya. Ila chukua zile nzima zilizomenywa. Zilizokatwa vipande mara nyingi hutiwa kloridi ya kalsiamu ili zisivunjike, na kweli hazivunjiki, zinabaki vipande hata baada ya muda mrefu motoni. Soma maandishi ya kopo.

Kusaga. Ukitumia blenda ya jagi, ngoja supu ipoe dakika 10, jaza nusu ya jagi au pungufu, toa kile kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko, ziba tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, na anza kwa kasi ndogo. Mvuke ukikosa pa kutokea hurusha kifuniko, na supu ya moto ikikumwagikia inababua. Rangi ikigeuka kuwa ya chungwa usihofu. Ni hewa na mafuta vimechanganyika na nyanya.

Sasa kuchuja. Hapa mimi na mama yako hatujawahi kukubaliana, nawe wajua. Maganda yasiyosagika vizuri hujikunja vijitivijiti, yanakwama kooni, basi chujio ni lazima. Lakini chujio likiwa jembamba mno supu inakuwa nyororo hadi inapoteza mwili. Unaikumbuka siku baba yako mkubwa alipokuja na wale wageni wake. Supu ilikuwa imechujwa mara mbili, inateleza kama hariri, naye akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza mbele ya watu wote: «Hii ni ya paketi gani?» Aliuliza kwa wema, alikuwa anasifu. Mama yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi mpaka leo nikilikumbuka swali lile shingo inapata moto, kwa sababu kitunguu kile kilipikwa kwa subira na hakuna aliyekijua. Je, chujio ndilo la kulaumiwa? Nikisema ndiyo, yatabaki yale maganda. Nikisema hapana, swali la kaka yangu bado liko pale pale. Njia ya kati ni kuzimenya nyanya kabla: chora msalaba wa kisu kwenye kitako cha kila moja, zitumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 60, zihamishie kwenye maji baridi, na ganda litavulika lenyewe. Hapo husagi maganda wala huchuji. Lakini ni kazi ya ziada, na mama yako angesema kazi hiyo ni ya bure. Sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha.

Haya, sukari. Sukari haiiondoi asidi, inaificha ulimini tu. Kwa hiyo onja kwanza ukiwa umemaliza chumvi yote, maana chumvi ikipungua uchachu hujitokeza zaidi. Bado ukiona kali, tia nusu kijiko cha chai, koroga, onja tena. Ukifika vijiko viwili vya chai umeshapika kitu kingine. Kinachoipunguza asidi kwelikweli ni bikaboneti ya soda, ile inayoumua keki: robo kijiko cha chai kwa kilo ya nyanya. Itatoa povu mara moja, hivyo sufuria isiwe imejaa. Ikizidi, supu inakuwa na ladha ya sabuni na nyanya yenyewe inapotea. Mimi situmii. Wewe pima mwenyewe.

Ukitaka maziwa, jua kwamba asidi na moto pamoja huyakatisha, yakawa chembechembe nyeupe. Krimu nzito huvumilia zaidi kwa sababu ya mafuta yake. Ipua sufuria, chota supu kidogo uichanganye na krimu kwenye bakuli ili ipate joto, kisha rudisha yote sufuriani taratibu. Isichemke tena baada ya hapo. Mililita 100 zinatosha.

Utakayobakiza ipoze haraka kwenye vyombo vipana, ikae kwenye friji siku 3, au kwenye friza miezi 3 ikiwa hujatia krimu. Ikipashwa huwa nzito, kwa hiyo ongeza maji kidogo, na chumvi uionje upya kabla ya kuipakua.

Baba yako