Kabla hujaigeuza riwaya ya upelelezi kuwa filamu

Wadogo zangu mnaoanza kuandika miswada ya filamu hapa Mombasa, wengi wenu huja na riwaya ya upelelezi iliyojaa mistari ya kalamu, na swali la kwanza ni lile lile: nikate wapi? Swali hilo lisubiri. Anzeni na hili: mtazamaji atajua nini, na atakijua lini? Taharuki yote imesimama hapo.

Mwandishi wa riwaya ana msimulizi, na msimulizi ana ruhusa ya kunyamaza. Akiandika kwamba mtu fulani aliingia chumbani gizani akafungua mtoto wa meza, msomaji hawezi kumuuliza mtu huyo ana kimo gani, ni mume au mke, anachechemea au la. Kamera haina ruhusa hiyo. Anayeingia chumbani ana mwendo na ana viatu. Akipiga simu ana sauti, na watu wetu wana masikio makali: wakiitambua dakika ya 20, muda wote uliobaki watakaa wakisubiri mpelelezi awafikie. Kwa hiyo someni riwaya tena, mtie alama kila mahali mwandishi alipoficha jambo kwa kutolisema, kisha mtafute namna ya kulificha kwa picha. Na nawaomba, msikimbilie kumvika muuaji buibui na nikabu. Mama zetu huvaa hivyo wakienda Marikiti. Kulifanya vazi lao kuwa vazi la uhalifu ni kuwadhulumu, na hila yenyewe imeshachakaa.

Chukueni madaftari mawili. La kwanza liandikeni uhalifu ulivyotokea, saa kwa saa, kwa upande wa muuaji, pamoja na yale ambayo riwaya haikuyataja. La pili liandikeni namna siri inavyofichuka mbele ya mtazamaji. Mkishayaweka sambamba, cha kukata kitajionyesha chenyewe, kwa sababu mtaona ni onyesho gani halibebi chochote katika daftari lolote.

Tuchukue mfano. Mshukiwa anadai kwamba alasiri ile mashua yake ilifika mpaka kwenye ngazi za Bandari ya Kale akashuka bila kulowa. Uongo wake umo kwenye maji: saa ile yalikuwa yamekupwa. Katika riwaya, sentensi moja katikati ya maelezo ya mandhari inatosha. Katika filamu ni lazima ngazi zile zionekane mapema, zikiwa wazi, na ukijani wa mwani chini, katika onyesho ambalo macho ya mtazamaji yako kwingine, tuseme ndugu wawili wanaogombania urithi. Msimpe mtu yeyote sentensi ya kusema maji yametoka. Picha iseme, ugomvi uifunike. Siku ya kurekodi nayo ina kazi yake: maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, na ngazi za wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, si ngazi za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Mkirekodi onyesho hilo kwa siku mbili bila jedwali la maji, ushahidi wenu utajipinga wenyewe.

Washukiwa wapunguzeni. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja, basi riwaya ya kurasa 300 haiwezi kuingia na watu wake wote. Waunganisheni wawili wawe mmoja, lakini yule anayempa muuaji kivuli cha kujifichia msimguse. Kwa waigizaji pia kuna mtego: mkimpa mwigizaji maarufu nafasi ya jirani mwenye maneno manne, ukumbi mzima utajua jirani ndiye.

Haki za riwaya ni za mwenyewe au warithi wake. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo pateni idhini ya maandishi kabla ya ukurasa wa kwanza. Ahadi ya barazani haitoshi. Mkitaka Fort Jesus, ombeni Makavazi ya Kitaifa mapema. Vichochoro vya Mji wa Kale navyo vina wenyewe: zungumzeni na wazee wa mtaa, na ratiba ya sauti ipangeni mkijua nyakati za adhana.

Mswada ukikamilika, wakusanyeni watu ambao hawajasoma riwaya, muwasomee kwa sauti hadi nusu, kisha kila mmoja aandike kimya jina la anayemshuku. Wote wakiandika jina moja, na ndilo lenyewe, rudini kwenye daftari la pili. Mkifika mwisho, waulizeni ni wapi wangeweza kuligundua jibu. Wakishindwa kutaja hata onyesho moja, mmewanyima haki yao, na hapo pia kazi haijaisha.