Mwalimu, niseme "Krismasi njema" au "heri ya sikukuu"?

Mwezi huu ujumbe mwingi mnaonitumia unahusu salamu za sikukuu. Nimechagua maswali matano. Yaliyokuwa na matusi kwa dini ya mtu nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Nina duka la vitenge na nguo za watoto hapa Tabora mjini. Mwanangu anayesoma Marekani alinishauri nibandike mlangoni "Heri ya Sikukuu" badala ya "Krismasi Njema", ili nisimuudhi mteja yeyote. Nikabandika. Kesho yake mteja wangu wa siku nyingi, mama wa kwaya, akaniuliza tangu lini namwonea haya Yesu. Nimekosa wapi? – Mama wa duka

Marahaba mama. Hujakosa. Mwanao kakuletea ugomvi wa watu wengine bila kujua.

Kule aliko, wako wanaosema "Merry Christmas" na wako wanaosema "Happy Holidays", yaani heri ya sikukuu. Hiyo ya pili ilikuwa salamu ya kawaida tu, inayobeba Krismasi, Mwaka Mpya na Hanuka ya Wayahudi kwa mkupuo mmoja. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 2000 baadhi ya watangazaji wa televisheni walishika bango kwamba Krismasi inapigwa vita, na tangu hapo salamu imekuwa kama kadi ya chama: ukifungua mdomo, watu wanajua uko upande gani. Mwaka 2015 kampuni ya kahawa ya Starbucks ilitoa vikombe vyekundu vitupu, visivyo na pambo lolote la msimu, na baadhi ya Wakristo wakakasirika. Kwa kikombe, mama!

Tena waliowahi kuipiga marufuku Krismasi huko hawakuwa wapagani. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts, lililoongozwa na Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali kwelikweli, liliweka faini ya shilingi 5 kwa atakayeonekana akiisherehekea. Hoja yao ilikuwa kwamba siku hiyo haikuamriwa popote katika Biblia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, na Krismasi ikaja kuwa sikukuu ya serikali kuu ya Marekani mwaka 1870.

Sisi njia yetu ni nyingine, na ninaipenda kwa moyo wote. Nenda mkutano wowote wa hadhara hapa kwetu. Kiongozi akisimama ataanza na "Asalaam aleikum", aitikiwe. Atasema "Tumsifu Yesu Kristo", aitikiwe "Milele amina". Atamalizia na "Bwana Yesu asifiwe", na Walokole nao waitike. Hakuna anayenuna kwa sababu mwenzake naye kasalimiwa. Wenzetu wakiogopa kumwacha mtu nje wanapunguza maneno, sisi tunaongeza. Kwa hiyo karatasi yako iache palepale, na pembeni yake bandika "Krismasi Njema". Idi ikifika, bandika "Idi Mubarak" kwa herufi kubwa zilezile. Na huyo mama wa kwaya mwambie taratibu kwamba "heri ya sikukuu" ni Kiswahili cha bibi zetu, hakikutungwa ili kumficha Yesu.

Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni Muislamu. Nimesikia darsani kwamba kumwambia Mkristo "Krismasi njema" ni haramu. Jirani yangu Mkristo tunaishi ukuta kwa ukuta, na kila Idi anakuja kunipa mkono. Nifanyeje? – Baba wa watoto wanne, Isevya

Waaleikum salaam. Mimi ni Mkristo, sina haki ya kukutolea fatwa. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wenu wenyewe wametofautiana. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alikataza, akiona kwamba kuipongeza ibada ni kuikubali. Katika zama zetu Yusuf al-Qaradawi aliruhusu, na wanaoruhusu huitaja Sura ya Al-Mumtahana, aya ya 8, inayohusu kuwatendea wema wasiokupigeni vita kwa ajili ya dini. Mrudie huyo ustadhi wako, umuulize kwa adabu, na umsikilize mpaka mwisho.

Ninaloweza kulisema ni la upande wangu mimi ninayesalimiwa. Katika maisha yangu yote hapa Tabora sijawahi kumsikia Muislamu akinitakia Krismasi njema nikadhani ameukubali Utatu. Nimesikia jirani amekumbuka kwamba leo nyumbani kwangu kuna furaha. Moyo wako ukikataa neno "Krismasi", njoo useme "Hongereni na sikukuu, Mungu awakuzie watoto", na jirani atashukuru. Usifanye jambo moja tu: usijifungie ndani siku hiyo ukisubiri ipite. Ukimya wa siku moja huwa unakumbukwa miaka.

Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia siku mbili tu baada ya Krismasi, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 na Idi hurudi nyuma kila mwaka. Nyumba yetu na ya jirani zilipeana sahani mfululizo wiki ile nzima, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, mwisho hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Sahani moja ya maua ya bluu ninayo hadi leo. Kwa hesabu ya mwezi, Desemba 2033 sikukuu hizo zitakaribiana tena.

Mwalimu, nafundisha shule ya serikali. Mwenzangu anadai kwa kuwa nchi haina dini, wanafunzi wasiimbe nyimbo za Krismasi wala kusoma Maulidi shuleni. Ni kweli? – Mwalimu mdogo

Si kweli. Katiba inasema nchi yetu haifuati dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za serikali. Isiyofuata dini haina maana ya inayoificha. Krismasi, Pasaka, Idi na Maulidi zote ni siku za mapumziko kitaifa, na vipindi vya dini vimo shuleni. Linda hapa tu: asilazimishwe mtoto kuimba asichokiamini, na aliyekaa pembeni asichekwe. Hilo la mwisho ndilo walimu tunalipuuza. Nimewahi kumwona binti akiitwa mbele ya mstarini aeleze kwa nini haimbi. Nilinyamaza siku ile, na inaniuma hadi leo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kazini dada mmoja ni Shahidi wa Yehova. Tukiandika salamu za Krismasi hajibu. Wengine wanasema ana dharau. – Mhasibu

Hana dharau. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi, wala siku za kuzaliwa. Mwacheni. Mtakieni mapumziko mema, mtaona atajibu.

Mwalimu, Krismasi hii nataka kuwaalika majirani Waislamu. Kuku ninao, nani achinje? – Mama Mkatoliki, Ipuli

Mwombe jirani mwenyewe aje achinje, na umwambie siku moja kabla, asije akawa safarini. Kisu kiwe kipya au kilichotengwa, kisiwe kile cha kitimoto. Sufuria na mafuta vilevile. Na akifika, mwache yeye na watoto wake waingie hadi jikoni waone unavyopika, ili saa ya kula asiwepo wa kuuliza.